Kompyuta iliyokataliwa na Windows 11 bado ni nzima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wenye maduka ya steshenari, pamoja na walimu wakuu na maofisa manunuzi wa halmashauri, kuhusu kompyuta zinazoanza kurundikwa stoo ilhali hazijaharibika.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015. Watumiaji wa nyumbani waliruhusiwa kujiandikisha kwa mwaka mmoja wa nyongeza, basi. Windows 11 nayo haipokei kila mashine. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, zilizoanza kuuzwa mwaka 2017. Sasa angalia kompyuta za mtumba zilizojaa madukani kwetu: nyingi ni za kizazi cha nne, cha sita, cha saba. Zinachapa, zinaskani, zinafungua fomu za mkopo na maombi ya ajira bila shida, lakini kwa masharti hayo hazistahili.

Mimi zangu nimezihamishia Linux Mint 22, mfumo wa kuendesha kompyuta wa jamii ya Linux unaoshika nafasi ya Windows, na ninayoyaona nataka wengine wayajue.

La kwanza ni wepesi. Nilichagua toleo la Xfce, lililokusudiwa mashine zisizo na nguvu nyingi, na kompyuta yenye RAM ya GB 4 inafanya kazi za ofisi bila kukwama. Menyu iko chini kushoto, palepale macho yalipozoea. Kijana ninayefanya naye kazi hakuhitaji kufundishwa kufungua faili wala kuprinti. Masasisho yakifika mfumo unaarifu, na mwenye kompyuta ndiye anayeamua yashushwe lini. Kwa anayenunua bando, hilo ni jambo kubwa.

Lililonifurahisha zaidi linahusu flashi. Kila mwenye steshenari anakijua kirusi kile kinachoficha mafaili ya mteja na kuacha njia za mkato tupu. Mwalimu analeta mtihani wa kuprinti, anaondoka na ugonjwa alioachiwa na mwanachuo aliyemtangulia, kisha anaupeleka kwenye kompyuta ya shule. Virusi hivyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo ndani ya Linux haviamki. Tena mafaili yaliyofichwa kwa ujanja huo huonekana wazi kwenye folda; unayanakili, unazifuta zile njia za mkato, mteja anapata kazi yake. Mtu aliyedhani ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo imepotea akiiona tena, hahitaji kuelezwa Linux ni nini. Sisemi kwamba Linux haidhuriki. Ila ule mzunguko wa maradhi kutoka flashi hadi flashi, kwangu umekatika.

Matatizo yapo, na ni haki niyaseme. Kadi za harusi na za michango, ambazo wengi wetu tulizitengeneza kwa Publisher ya Microsoft, LibreOffice (programu za ofisi zinazotumika kwenye Linux) inazifungua lakini maandishi mara nyingine yanahama mahali pake. Barua iliyoandikwa kwa hati ya Calibri inaweza kuongezeka ukurasa, kwa hiyo mteja akitaka kuprinti tu, ni salama zaidi alete PDF. Majedwali ya Excel yenye makro nzito (amri zinazojiendesha zenyewe) hayakubali yote. Na si kila printa inatambuliwa mara moja.

Lipo pia suala la uhalali. Mitaani mtu akipigiwa Windows, mara nyingi inafunguliwa kwa programu za wizi ambazo hudai kwanza uzime kinga ya virusi. Baada ya hapo, nywila na nyaraka za wateja wote ziko hatarini. Linux Mint ni bure kihalali. Ukiishusha mara moja, takribani GB 3, unaruhusiwa kuigawa kwa duka la jirani, kwa shule ya kata, kwa yeyote, na toleo hili la 22 limeahidiwa masasisho hadi mwaka 2029.

Kwa hiyo ombi langu kwa halmashauri na kwa shule zenye maabara za kompyuta ni hili: kabla ya kuandika zabuni ya mashine mpya, mtaalamu wa TEHAMA apewe moja ya zile za stoo aijaribu. Na vyuo vyetu viweke mkono kwenye tafsiri. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na kazi ile haikustahili kuachwa bila warithi.

Kwa mwenzangu wa steshenari: nakili kwanza kazi zote za wateja kwenye diski ya nje. Linux Mint huwashwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta, kwa hiyo iwashe hivyo, chomeka printa na skana yako, printi kurasa kadhaa. Zikikubali, ndipo uisimike.

Mwenye duka la steshenari,
Singida