Mama aliyepasuliwa adungwe ganzi ya jeraha kabla ya kutoka thieta

Kwa Mhariri,

Ninaandika kuhusu usiku wa kwanza wa mama aliyejifungua kwa upasuaji, ambao katika wodi nyingi nilizozifahamu huku magharibi mwa Kenya huachwa upite kwa uvumilivu tu, ilhali dawa ya kuupunguzia makali imo katika chumba kile kile alikopasuliwa. Jambo hili si la wachache tena. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 9 ya watoto nchini walizaliwa kwa upasuaji, na ule wa mwaka 2022 ukaonyesha kiwango hicho kimefika takribani asilimia 17.

Akina mama wengi hupasuliwa kwa sindano ya mgongo. Dawa ya ganzi iitwayo bupivakeini hudungwa kidogo uti wa mgongo, mwili ukafa ganzi kutoka kifuani hadi miguuni kwa muda wa saa mbili au tatu, na mama akarudishwa wodini akiwa macho, mwenye furaha, haumwi popote. Ganzi ikiisha, mara nyingi giza limeshaingia na muuguzi ni mmoja kwa wodi nzima. Sindano ya pethidini, dawa kali ya maumivu, aliyoandikiwa imefungiwa kabatini na ufunguo uko kwa mtu aliyeitwa kwingine. Nimewaona wazazi wakikunja leso na kuikandamiza tumboni ndipo wathubutu kukohoa, na wengine wakijigeuza kidogo kidogo huku wameshikilia chuma cha kitanda, kwa kuwa mtoto analia na hakuna wa kumwinua. Mama wa namna hiyo hunyonyesha kwa shida, na huchelewa kusimama na kutembea, jambo linalomzidishia hatari ya damu kuganda miguuni.

Ninachoomba ni kitu cha dakika chache. Daktari akishamaliza kushona ndani, kabla hajafunga ngozi, adunge bupivakeini kwenye kingo zote za jeraha, juu na chini ya utando mgumu unaofunika misuli ya tumbo. Hakihitajiki chombo chochote zaidi ya bomba la sindano, na jeraha hutulia kwa saa kadhaa, zile ambazo zingekuwa mbaya kuliko zote. Hospitali yenye mashine ya picha za mawimbi ya sauti na mtaalamu aliyefunzwa inaweza kwenda mbali zaidi, ikaweka ganzi baina ya tabaka za misuli ya tumbo pande zote mbili, njia iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2001. Lakini wasio na mashine hawana sababu ya kungoja.

Ni haki pia nieleze mipaka ya dawa hii. Haizuii maumivu ya tumbo la uzazi linapojikaza, kwa hiyo parasetamoli, pamoja na ibuprofeni au diklofenaki kwa mama asiye na kizuizi cha kuzitumia, lazima zitolewe kwa saa zake bila kusubiri mgonjwa alie. Aliyetiwa mofini kidogo, nayo ni dawa kali ya maumivu, katika sindano ya mgongo huwa na nafuu kwa sehemu kubwa ya siku, na ganzi ya jeraha haimwongezei mengi. Anayeihitaji kuliko wote ni yule aliyepewa nusukaputi kwa sababu ya kifafa cha mimba au kuvuja damu, kwa maana huyo huzinduka bila ganzi ya aina yoyote mwilini.

Wala bupivakeini si maji. Kipimo salama kinachotumika sana ni kisichozidi miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito, yaani miligramu 120 kwa mama wa kilo 60, na ile iliyotumika mgongoni ihesabiwe humo. Chupa ya mililita 20 yenye nguvu ya asilimia 0.5 ina miligramu 100, nayo huweza kuongezwa maji ya chumvi hadi mililita 40 ili ienee jeraha lote. Kabla ya kusukuma dawa, bomba livutwe nyuma kuhakikisha sindano haimo ndani ya mshipa wa damu, kwani dawa ikizidi damuni midomo hufa ganzi, masikio huvuma, kisha huja degedege na hata moyo kusimama. Thieta iwe na mchanganyiko wa mafuta wa asilimia 20 unaotumika kuokoa maisha hapo. Haya yote hutegemea uzito wa mama, na inasikitisha ni faili ngapi hufika thieta bila uzito kuandikwa.

Huambiwa kwamba mwanamke ameumbwa kuvumilia. Mwanamume anayepasuliwa ngiri hudungwa ganzi mahali pale pale pa kupasuliwa, na sijasikia hata mmoja akiambiwa avumilie kwanza.

Kwa hiyo naziomba idara za afya za kaunti zetu, kuanzia Kisumu na Kakamega hadi Busia na Bungoma, zinapoagiza dawa kutoka KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, ziongeze bupivakeini ya kawaida, maana ile nzito yenye sukari ni ya mgongoni. Fomu ya upasuaji nayo iongezwe mstari mmoja wa kujaza: jeraha limetiwa ganzi au la, miligramu ngapi, saa ngapi. Na kina mama waliokwisha kupangiwa tarehe ya kupasuliwa wamuulize daktari jambo hili wakiwa bado kliniki.

Mkunga mstaafu,
Kakamega