Barua kwa Mwanangu Kuhusu W Kwenye Transkripti

Columbus, Ohio

Mwanangu Salma,

Assalamu alaikum. Marahaba, na sisi huku nyumbani hatujambo sote. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nilipotoka kazini, na nimeona ni afadhali nikuandikie kuliko kukupigia simu, kwa sababu jambo lenyewe lina hesabu ndani yake na hesabu hazishikiki vizuri kwa kusikia. Umeniuliza kama ukijiondoa kwenye kemia ogania muhula huu ndoto ya udaktari imekwisha. Haijakwisha. Kwa hali uliyonieleza, mimi naona ujiondoe, mradi ufanye hivyo kabla ya tarehe ya mwisho na baada ya kujua ni lini utaisoma tena.

Unajua kazi yangu. Siku nzima katika ofisi ya msajili wa chuo cha jamii, hivi vya miaka miwili, napitia transkripti za watu, yaani rekodi zao za masomo, na herufi W, ile inayoandikwa penye kozi ambayo mwanafunzi amejiondoa, ninaiona mara nyingi kuliko wanafunzi wanavyodhani. Mwenzako aliyekwambia kwamba W ni doa lisilofutika amesema nusu ya ukweli: haifutiki, itabaki kwenye karatasi yako maisha yako yote, na wewe mwenyewe utalazimika kuiandika kwenye AMCAS, ule mfumo wa maombi unaotumiwa na shule nyingi za udaktari za Marekani, kwa sababu mfumo huo unadai kila kozi uliyojiandikisha, hata uliyoiacha njiani, na unailinganisha na transkripti rasmi ya kila chuo ulichopitia. Lakini W haina alama. Haiingii katika wastani wako wa jumla, wala haiingii katika ule wastani wa pili ambao AMCAS huukokotoa pekee kwa biolojia, kemia, fizikia na hisabati, na ambao kamati za udahili huutazama kwa jicho kali.

Sasa tazama alama zako. Umepata 46 katika mtihani wa kwanza na 51 katika wa pili, na kila mmoja una uzito wa asilimia 20. Maabara ina asilimia 15 na huko unafanya vizuri, tuseme utapata 90. Ukijumlisha hayo matatu unazo takriban alama 33 mkononi, na kilichobaki ni mtihani wa tatu na ule wa mwisho, ambavyo kwa pamoja ni asilimia 45. Kama C inaanzia 73 kama ulivyonitumia kwenye muhtasari wa kozi, basi unahitaji wastani wa 89 katika mitihani yote miwili iliyobaki ili upate C peke yake. Sikuvunji moyo, najua akili yako. Lakini mtu aliyetoka 46 kwenda 51 hapandi hadi 89 ndani ya wiki chache katika kozi ambayo kila sura inasimama juu ya sura iliyotangulia. Na profesa hajasema kwamba atawapandishia alama darasa zima. Usipange maisha yako kwa ukarimu ambao hajauahidi.

Mwaka wa kwanza ulimaliza krediti 16 za sayansi kwa wastani wa 3.6, kwa kipimo ambacho A ni 4 na D ni 1. Ukibaki na ukapata D katika kozi hii ya krediti 4, wastani huo wa sayansi, bila kuhesabu fizikia ya muhula huu, utashuka hadi 3.08. Tuseme mwakani umeirudia na ukapata A: AMCAS haitaifuta ile D, itahesabu zote mbili, na utafika 3.23 tu. Ukijiondoa sasa kisha ukaisoma upya na kupata A, utakuwa na 3.68. Wastani wa jumla wa alama (GPA) wa wanaoingia shule za udaktari zinazotoa shahada ya M.D. umekuwa ukikaribia 3.8 miaka hii, kwa hiyo tofauti ya 3.23 na 3.68 ndiyo tofauti ya maombi kusomwa kwa wasiwasi na kusomwa kwa kawaida. Isitoshe, shule nyingi zinataka angalau C katika kozi za lazima, hivyo hiyo D ingekulazimisha kurudia hata hivyo. Utasikia pia watu wakisema kwamba shule za osteopathia, ile aina nyingine ya shule za udaktari hapa Marekani, zinasamehe kozi iliyorudiwa. Zilikuwa zikifanya hivyo. Mfumo wao wa maombi uliacha kufuta alama za zamani mwaka 2017, na habari hiyo ya kale bado inazunguka mabwenini.

Hilo ni kuhusu kemia. Kuhusu fizikia, ambayo umesema nayo ungependa kuiacha ili upumue, jibu langu ni hapana. Una B-, na B- si aibu. Muhula huu umejiandikisha krediti 16. Ukitoa kemia unabaki na 12, ambazo ndizo kiwango cha chini cha mwanafunzi wa muda wote. Ukitoa na fizikia unabaki na 8, na hapo mambo yanageuka: ufadhili wako una sharti la muda wote, na msomaji wa maombi yako ataona muhula mzima ulioporomoka pale ambapo angeona kozi moja iliyokushinda. Kamati hazitishwi na W moja. Zinachotafuta ni mtindo: mtu anayeacha kozi kila muhula, na hasa anayeacha zile za sayansi kila zinapokaza, kwa sababu shule ya udaktari haina mlango wa kutokea katikati ya muhula, na masomo yake huja yote kwa pamoja. Kwa hiyo hii ichukulie kuwa W yako ya sayansi ya kwanza na ya mwisho, na kozi tatu utakazobaki nazo zisomee kana kwamba bado unazo nne.

Kabla ya kujaza fomu, soma kanuni za chuo chako kuhusu WF. Vyuo vingine humwandikia hivyo mwanafunzi anayejiondoa huku anafeli, na kwingi WF huhesabiwa kama F, ambayo ndiyo tunayoikimbia. Usiniulize mimi, maana kila chuo kina sheria zake. Muulize msajili wenu, na jibu ulipate kwa maandishi.

Ada ya kozi hiyo imekwenda, muda wa kurudishiwa ulishapita, na mimi na baba yako tumekwisha kulikubali hilo. Katika msaada wa serikali, krediti 4 ulizoziacha zitahesabiwa kuwa ulizijaribu bila kuzimaliza. Vyuo vingi hudai mwanafunzi awe amemaliza angalau asilimia 67 ya alizozijaribu, na wewe utakuwa juu ya 90, kwa hiyo hapo hakuna hofu. Rafiki yako wa Dodoma ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi yako, akifikiria kufuata nyayo zako: mwenye viza ya F-1 asishuke chini ya krediti 12 bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na idhini hiyo huombwa kabla ya kuacha kozi. Mwambie.

Gharama halisi ya W hii iko kwenye kalenda, na hapa ndipo nataka ukae chini na mshauri wako. Kemia ogania ya kwanza hufungua ya pili, ya pili hufungua biokemia, na biokemia inahitajika sana kwenye MCAT, ule mtihani wa kuingia shule za udaktari. Kama chuo chenu kinafundisha ogania ya kwanza tena muhula wa machipuko, unaweza kuichukua hapo, ya pili ukaichukua vuli ya mwaka wa tatu, na biokemia machipuko yanayofuata ukiwa unajiandaa kwa mtihani, ingawa utabanwa kwelikweli. Kama inafundishwa vuli pekee, basi biokemia itaangukia mwaka wa nne, na utatuma maombi mwishoni mwa mwaka huo badala ya wa tatu. Yaani utakaa mwaka mmoja nje kabla ya kuanza. Zaidi ya nusu ya wanaoingia shule za udaktari hapa Marekani wamekaa mwaka mmoja au zaidi baada ya shahada ya kwanza, na mimi binafsi ningependa uende umechelewa kuliko uende umechoka. Bibi yako kule Tanga, ambaye tayari anakuita daktari mbele ya majirani, mimi nitazungumza naye.

Kuna njia ya mkato utakayoshauriwa: kuisoma ogania majira ya joto kwenye chuo cha jamii kama hiki kinachonilipa mshahara. Walimu wetu ni wazuri na sitawasema vibaya. Hata hivyo zipo shule za udaktari zinazopendelea kozi za lazima zisomwe kwenye chuo cha miaka minne, na kwa mtu aliyeikimbia kozi hiyo chuoni kwake halafu akaipatia A mahali pengine, swali litaulizwa. Isome hapohapo ilipokushinda.

Na ukiulizwa, jibu kwa kifupi. Insha binafsi ya AMCAS ina nafasi ya herufi 5,300, na hata moja usiipoteze kwa W. Shule nyingi hutuma fomu za pili zenye sehemu ya kueleza rekodi ya masomo, na wengine watakuuliza kwenye usaili. Sema kwamba ulianza vibaya, uliona mapema kuwa hutaifahamu kozi kwa kiwango unachotaka, ukajiondoa, ukabadilisha namna ya kusoma, ukairudia. Usizue ugonjwa wala msiba. Lakini jibu hilo litakuwa na uzito ikiwa kweli umebadilisha kitu, na kwa maneno yako mwenyewe hujawahi kwenda kwa profesa katika saa zake za kuonana na wanafunzi hata mara moja. Nenda wiki hii, hata kama unaiacha kozi, ukiwa na karatasi zako mbili za mtihani, umwombe akuonyeshe ulipopotea. Endelea pia kuhudhuria mihadhara kama hawakukatazi. Utakaporudi, nusu ya msamiati utakuwa si mgeni.

Tarehe ya mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo saa kumi na moja jioni. Muone mshauri Jumatatu, msajili Jumanne, na ukishawasilisha fomu nitumie picha ya uthibitisho, kwa sababu nimeona fomu nyingi mno ambazo mwanafunzi aliapa kwamba amezituma na hazikuonekana popote.

Mama yako