Nikimwekea mzee wimbo kwenye memori kadi, nani amenakili?

Ndugu Mhariri,

Nina stesheneri ndogo hapa Moshi mjini, upande wa Majengo, mwaka wa 14 sasa. Napiga fotokopi, naprinti, nafanya laminesheni na picha za pasipoti, najazia watoto fomu za vyuo mtandaoni. Na nina kazi nyingine, ndiyo iliyonifanya nikuandikie: kuweka nyimbo na video kwenye fleshi na memori kadi. Jina langu unalo kwenye bahasha. Naomba usilichapishe, na ukisoma mpaka chini utaelewa sababu.

Jumanne moja kabla ya Pasaka waliingia vijana wawili wamechomekea, mmoja kashika kishikwambi. Hawakutaka fotokopi. Walizunguka kaunta kama wako kwao, wakakamata mausi, wakaanza kufungua folda za kompyuta yangu moja baada ya nyingine. Zipo nyingi: CV ZA WATU, MITIHANI, HARUSI, KWAYA, BONGO FLEVA, na moja niliyoiandika MPYA. Hiyo ndiyo waliyokuwa wakiitafuta. Mle ndani mlikuwa na filamu kama 20. Mmoja akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, hii ni milioni tano. Ukishindwa, miaka mitatu. Sheria ya mtandao hiyo."

Walisema wametoka ofisi fulani. Vitambulisho sikuviona, na kwa nilivyokuwa natetemeka hata sikuviomba. Niliwapa 60,000, hela ya rimu na wino wa wiki ile. Risiti hakuna. Walipoondoka, jirani yangu fundi cherehani akasema, "Dada, hao ni vishoka tu." Inawezekana. Lakini kishoka naye huchagua gogo lenye ufa, na mimi ufa nilikuwa nao.

Folda ile siitetei. Filamu zile niliuziwa na kijana anayepita madukani na diski kubwa mgongoni, nami nikawa naziuza 500 kila moja. Waliocheza na waliopiga picha hawakuambulia hata senti. Ni wizi, nimeifuta folda, na wateja wa Ijumaa jioni wamehamia kwa mwingine.

Uchungu wake ninaujua hata kwa upande wa pili. Kwaya yetu ya usharika ilikwenda Arusha kurekodi mwaka 2012. Siku tatu tulilala kwenye mabenchi ya kanisa la wenyeji, tukaimba tumevimba miguu. Tulitoa CD 1,000, bei 5,000. Haikupita wiki ya tatu nikaziona sokoni Mbuyuni, zimetandikwa kwenye turubai, bei 1,000. Jalada lilikuwa limetolewa na printa iliyoishiwa wino wa bluu, hata sura zetu zote zikawa nyekundu kama watu waliotoka kufyatua matofali. Za kwetu halali zimebaki 400 na kitu. Ziko ofisi ya usharika mpaka leo, maboksi mawili yanazuia dirisha lisijipige na upepo. Kwa hiyo mtu asinihubirie jasho la msanii. Na mimi nilikuwa sauti ya pili humo humo.

Ila kuna Meku.

Huyu ni mzee wa Uru, anashuka mjini Jumamosi kwa haisi, na kwangu hupita kupiga fotokopi za kadi ya kliniki. Wiki mbili baada ya wale vijana aliingia, nikamwamkia, akatoa leso mfukoni, akaifungua kona moja moja juu ya kaunta. Katikati kulikuwa na memori kadi ya GB 4, ile ya kwenye kitochi chake. Akasema marehemu mke wake alikuwa anaimba kwaya ya parokia, na kwaya imeweka YouTube ibada ya Krismasi ya mwaka mmoja kabla hajafariki. Mjukuu alimwonyesha mara moja kwenye simu janja, kisha mjukuu akarudi Dar es Salaam na simu yake. "Kuna mahali anaimba peke yake, mistari miwili," akasema. "Niwekee hapo tu, mwanangu."

Nikamwambia, "Meku, siku hizi hairuhusiwi."

Hakubisha. Alikunja leso vile vile alivyoifungua, kona kwa kona, akasema, "Haya, mwanangu," akatoka. Kofia yake akaisahau juu ya mashine ya fotokopi. Sasa ile mashine, kila nikitaka kuweka karatasi lazima niinue mfuniko, na kila nikiinua mfuniko lazima niihamishe kofia. Wiki nzima. Mpaka Alhamisi nikampigia binti wa dada yangu anayesoma sheria, nikamwambia aniletee hiyo sheria niisome kwa macho yangu.

Aliniletea Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999. Nakala aliyoipata ilikuwa ya Kiingereza, basi tukakaa jioni mbili, yeye anatafsiri, mimi nauliza maswali ya dukani. Kwenye kifungu cha 12 nikamwambia rudia. Akarudia. Kinasema kazi iliyokwisha kuchapishwa kihalali, mtu anaweza kuinakili bila kumwomba mtunzi na bila kumlipa, mradi iwe ni kwa matumizi yake mwenyewe, binafsi, ya faragha. Hapo hapo wametajwa pia walimu wanaotumia kazi kama mfano wa kufundishia, na wanaonukuu kidogo na kumtaja mwenye kazi.

Miaka 14, Mhariri, nimefanya kazi hii, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba kifungu hicho kipo. Milioni tano niliambiwa dakika ya kwanza.

Na milioni tano si uongo. Tuliitafuta. Ni kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015: anayetumia kompyuta kuvunja haki za ubunifu zinazolindwa na sheria, hata kama si kwa biashara, faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Ikiwa ni biashara, milioni 20 au miaka mitano. Adhabu nzito, hasa kwa yule asiyeuza chochote. Lakini kifungu kinamwadhibu aliyevunja haki. Kile ambacho sheria ya 1999 imekwisha kukiruhusu kitakuwaje tena uvunjaji? Hiyo ni akili yangu ya stesheneri, na binti amekubaliana nayo, ingawa alisema mwalimu wake angenidai kurasa kumi zaidi.

Basi folda ya MPYA iko nje ya ruhusa mara mbili. Haikutoka mahali halali, na mimi nilikuwa nauza. Wimbo wa Meku je? Umewekwa hadharani na kwaya yenyewe, naye anataka kuusikiliza jikoni kwake. Kuna masharti ya YouTube, kweli, yanayokataza kupakua isipokuwa kwa kitufe walichokiweka wao. Hayo ni makubaliano ya YouTube na mtumiaji wake. Ukiyavunja wanaweza kukufungia akaunti. Tusiyachanganye na miaka mitatu jela.

Sasa nafika palipo na mzizi wa barua hii. Sheria inamsema mtumiaji mwenyewe. Kijana wa Shanty Town, mtaa wa wenye nazo hapa Moshi, mwenye laptopu na intaneti ya nyumbani ananakili akiwa kitandani, anasikiliza, hakuna wa kumuuliza: ni mtumiaji, na faragha yake ina mlango na pazia. Meku hana laptopu. Bando la kuangalia video nusu saa ni nauli yake ya kwenda na kurudi. Yeye akitaka kutumia haki ile ile, ni lazima apitie kwenye mkono wa mtu, na huo mkono ni wangu, na mimi nachaji 500. Kidole ni changu, sikio ni lake. Nani amenakili? Sheria, kwa tulivyoisoma, haisemi. Na pale iliponyamaza ndipo wanapoingia vijana wenye vishikwambi.

Wenzetu wamelisema wazi. Ujerumani, binti alinionyesha, sheria yao inamruhusu mtu kunakiliwa na mtu mwingine kwa matumizi yake binafsi ikiwa huyo mwingine halipwi. Na kama ni fotokopi ya karatasi, hata akilipwa. Nakala iliyotoka mahali paonekanapo wazi kuwa si halali hairuhusiwi. Unaweza usiupende mstari huo, mimi mwenyewe ungeninyima 500 zangu, lakini ni mstari, mtu anauona asije akaukanyaga. Uingereza nao mwaka 2014 waliruhusu mtu kujinakilia alichonunua, na mwaka 2015 mahakama ikaifuta ruhusa hiyo, baada ya wanamuziki kwenda kulalamika kwamba hawakuwekewa fidia yoyote. Wanamuziki wale nawaelewa. Nimekwambia habari ya maboksi ya dirishani.

Na fidia kwetu imeanza kufikiriwa. Tuna tozo ya hakimiliki, asilimia 1.5, kwenye vifaa vya kunakilia na kuhifadhia kazi za sanaa. Sina ugomvi nayo. Ila kama mnanitoza kwa sababu mnajua nitanakili, basi niambieni pia ni nini ninachoruhusiwa kunakili. Huwezi kukata tiketi ya daladala halafu ukaambiwa kupanda ni kosa.

Ombi langu kwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, ni dogo. Tupeni karatasi moja, upande mmoja, kwa Kiswahili, tubandike stesheneri. Iandikwe: hiki unaweza kumnakilia mteja, hiki usiguse, mkaguzi wetu ana kitambulisho cha namna hii, na malipo yote yana namba ya kumbukumbu, hayashikwi mkononi. Mimi mwenyewe nitailaminisha, sitaki hela. Na kama mnaona mkono wa mwenye stesheneri lazima ulipiwe, tuwekeeni leseni ya mwaka ya kiasi tunachokimudu. Baa zinalipia muziki, redio zinalipia, nasi tutalipa tuitundike kando ya leseni ya biashara. Mtu akiingia na kishikwambi nitamwonyesha ukuta. (Habari ya wanafunzi wanaoleta kitabu kizima wanasema "sura mbili tu, mama" naomba niiache leo. Hapo nina dhambi nyingine na barua imeshakuwa ndefu.)

Kwaya nazo zinaweza kujisaidia bila kusubiri mtu wa COSOTA. Yetu imeshaweka chini ya kila video mstari mmoja: unaruhusiwa kunakili usikilize nyumbani, usiuze. Mwenyekiti alibisha, akasema tunagawa mali bure. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akamwuliza mara ya mwisho ameuza CD lini. Mstari ukapita.

Meku alirudi Jumamosi kufuata kofia. Nilimwambia akae, nikaitafuta ile ibada, nikaikata pale anapoimba yule mama, nikaiweka sauti peke yake maana kitochi chake video kinaigandisha. Nikataka kumjaribishia kwenye spika za duka, akakataa kwa mkono. Alirudisha kadi kwenye simu mwenyewe, akabonyeza nilipomwonyesha, akaiweka sikioni kama mtu aliyepigiwa. Wateja wawili walikuwa wanasubiri fotokopi, wakanyamaza. Ilipoisha akabonyeza tena.

Alitoa 500, nikaikataa. Nilikuwa nawafikiria Wajerumani, maana asiyelipwa hana kosa. Jumamosi iliyofuata ikasimama bodaboda mlangoni, nyuma imefungwa mkungu wa mshare, vichane tisa. Dereva akasema, "Mkungu umetumwa na mzee wa Uru, kasema ni wa mama wa wimbo." Nimeupokea, tumekula na jirani fundi cherehani, na vichane vitatu vimeiva.

Sasa naomba COSOTA wanijibu kupitia gazeti lako. Huo mkungu ni malipo?

Mwenye stesheneri,
Majengo, Moshi.