Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wetu na Kishwar Naheed

Asalaam aleikum mama zangu na dada zangu. Mwaka umekwisha na wa kuandika ni mimi tena, nivumilieni, naandika kwa simu usiku watoto washalala.

Ya pesa niyamalize haraka. Michango iliingia vizuri mpaka Ramadhani, baada ya hapo mmh, mwajijua wenyewe, mweka hazina atawasomea daftari lake siku ya mkutano mimi simo. Ule ukumbi tulinyimwa, ati mashairi yetu hayafai kusomewa pale, ndio tukahamia barazani kwangu.

Sasa Kishwar, yule mshairi wa Kiurdu wa Pakistan, manake tulimpangia miezi 2 ya kumsoma akatuchukua mwaka mzima. Kazaliwa 1940 Bulandshahr, India, baada ya nchi kugawanywa jamaa zake wakahamia Lahore, Pakistan, 1949, kusoma kwenyewe kakupigania, diwani ya kwanza ikatoka 1968. Lakini lililotushika ni lile shairi lake la enzi za Zia ul-Haq, jenerali aliyeitawala Pakistan, Hum Gunahgar Auratein, yani sisi wanawake wenye dhambi, anasema wenye dhambi ndio sisi tusiobabaishwa na majoho ya wakubwa, tusiouza roho zetu, tusioinamisha vichwa.

Wapo waliochukia, vipi mwanamke Mwislamu ajiite mwenye dhambi mbele za watu? Tukabishana Jumamosi tatu. Halafu bi mkubwa wetu mmoja, aliyekulia nyumba moja na Wahindi akaokota Kiurdu kidogo cha ukutani, akavua miwani akagonga nayo meza, akasema, nyie, hilo aurat si aura yetu sisi? Hiyo tuliyofundishwa chuoni kuisitiri? Pakawa kimya mpaka chai ikapoa. Na ni kweli, Kiurdu mwanamke huitwa kwa neno lililotoka kwenye aura ya Kiarabu, mtu mzima na akili zake kaitwa jina la kitu cha kufunikwa. Kumbe Kishwar hakujitukana, majina yote mawili alipewa na watu, yeye kayavaa tu akatoka nayo nje mchana. Mimi tangu siku ile shairi silisomi kama zamani.

Na hakuishia kwenye kalamu, alianzisha Hawwa, jumuia ya kina mama wanaofanya kazi za mikono majumbani wapate chao mkononi.

Tukasoma pia habari za Lahore 12 Februari 1983, kina mama waliandamana kuelekea Mahakama Kuu kupinga mswada wa kufanya ushahidi wa wanawake wawili uwe sawa na wa mwanamume mmoja, wakapigwa virungu na gesi ya machozi, mshairi Habib Jalib aliyewasomea shairi naye akapigwa. Sheria ilipita 1984, ila ule uwiano ukabanwa kwenye mambo ya mikataba na fedha. Kwa hiyo kelele zilifaa, si zote lakini.

Hapo mwenzetu mmoja akalia. Yeye alipotaka kwenda kudai haki yake, mzee mmoja wa kwao alimwambia neno lako nusu, usijisumbue, akarudi ndani miaka 4. Ndipo dada yetu anayejua sheria akafungua simu akatusomea kifungu cha 6 cha Sheria ya Mahakama za Kadhi hapa kwetu Kenya: mashahidi wote wasikizwe bila kubaguliwa kwa dini wala jinsia, na jambo liamuliwe kwa uzito wa ushahidi si kwa wingi wa mashahidi. Wengine tumepata wajukuu hatujawahi kukisikia!

Basi kamati imekata, mwaka ujao kila anayekwenda kwa kadhi asindikizwe na wawili wetu, nauli itoke kwenye mfuko. Nataka majina kabla ya mkutano, na msinijazie ya wale wale.

La mwisho, nakala za shairi zimebaki 6 na ile ya bi mkubwa haimo, aliyeichukua airudishe, ina maandishi yake pembeni.