Ada za maombi ya udaktari zitazamwe upya

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ada za maombi ya kusomea udaktari wa binadamu. Tangu mwaka 2017, waombaji walipoacha kupitia mfumo wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) na kuanza kuomba moja kwa moja vyuoni, kila chuo hutoza ada yake. Binti yangu, aliyefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia, aliomba vyuo vinne, kwani kwa ushindani ulivyo, kutegemea kimoja ni kubahatisha. Fedha hizo zilitokana na mikungu ya ndizi, na vyuo vilivyomkosesha nafasi havikurudisha hata senti.

Napendekeza TCU isimamie ada moja, inayolipwa mara moja, kisha vyuo vigawane.

Mzazi,
Moshi