YAH: MALALAMIKO KUHUSU DAI LA TOYOTA IST ILIYOGONGWA NA FUSO LA MTEJA WENU

Kwa: Meneja, Idara ya Madai, Makao Makuu
Kutoka: Gereji, Tabata, Dar es Salaam

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika nikiwa fundi mwenye gereji lilipo gari hilo, kwa idhini ya maandishi ya mwenye gari, ambayo nimeiambatanisha. Habari za ajali sizirudii. Ramani ya tukio mnayo, ripoti ya mkaguzi wa magari wa polisi mnayo, PF 90, ile fomu ya polisi ya ripoti ya ajali, mnayo. IST ilikuwa imesimama kwenye taa za Buguruni, Fuso likaigonga nyuma, dereva akakiri kosa na kulipa faini. Bima ya Fuso ilihakikiwa siku hiyohiyo kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa namba ya usajili, ikaonekana hai, na ni yenu. Mwenye gari, mama ninayemwandikia, ana bima ndogo tu, ile inayolipa hasara za wengine na si ya gari lake, kwa hiyo hana kampuni nyingine ya kukimbilia. Dai lake ni kwenu.

Alhamisi iliyopita, kwenye dirisha la madai la ofisi yenu, ofisa wenu alimsogezea mama hati ya dischaji, ya kukubali malipo na kufunga dai, ikiwa imekunjwa pale penye kiasi cha fedha, akamwambia asaini. Mama alipoomba kuikunjua asome, alijibiwa mbele ya watu: "Mama, magari huyajui. Mlete mwanaume tuongee naye." Nitalirudia jambo hili huko chini, maana ndilo lililonikalisha kuandika. Kwanza tuongee hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo iliyokuwa imefichwa kwenye lile kunjo.

Makadirio ya gereji ni shilingi 3,420,000 kabla ya VAT, na 4,035,600 ukiongeza VAT ya asilimia 18. Kiasi kilichoandikwa kwenye dischaji ni 1,562,000. Ofisa hakutoa karatasi yoyote ya kuonyesha zilikokwenda nyingine. Nilizitafuta mwenyewe kwenye ripoti ya asesa wenu, aliyetumwa kukadiria hasara, nusu saa baada ya kuipata kwa kubembeleza, na nimeona zilivyokatwa.

Mmetoa eksesi ya shilingi 500,000. Ndugu Meneja, eksesi ni makubaliano yenu na mwenye Fuso. Yeye ndiye aliyesaini mkataba wenu na kulipa ada, na yeye ndiye aliyekubali kujibebea laki tano za kwanza gari lake likileta hasara. Mama hajasaini kitu na ninyi. Amegongwa amesimama. Laki tano hizo mdaini mteja wenu. Sielewi inakuwaje idara nzima ya madai ipitishe kosa hilo bila mtu mmoja kulishika.

Mmekata asilimia 30 ya uchakavu kwenye spea, yaani shilingi 348,000. Tazameni makadirio yangu vizuri: mlango wa buti 450,000, bampa 180,000, taa mbili za nyuma 160,000, paneli ya nyuma 220,000, kioo cha nyuma 150,000. Hizo zote ni bei za mtumba, zilizoulizwa Ilala na kuandikwa hivyo, "mtumba safi", mbele ya kila mstari. Uchakavu hukatwa pale mtu anapofungiwa spea mpya ya dukani badala ya ya zamani, ili asipate zaidi ya alichopoteza. Hapa kitu kilichotumika kinabadilishwa kwa kilichotumika. Uchakavu umeshakaa ndani ya bei, na ninyi mmeukata mara ya pili.

VAT mmeiondoa yote, 615,600, kwa maelezo kwamba italipwa baada ya risiti ya EFD, ya mashine ya kodi, kuonekana. Risiti ya EFD hutolewa fedha ikishapokelewa, na mama hana fedha ya kulipa kabla yenu. Njia mnaijua na mnaitumia kwa wateja wenu wa bima kubwa: gereji inaleta profoma, yaani ankara ya awali, kampuni inailipa gereji moja kwa moja, gereji inatoa risiti kwa jina la kampuni. Kwa nini mama wa bima ndogo azungushwe?

Halafu zipo spea na kazi nne ambazo asesa amezipiga mstari kabisa, jumla shilingi 1,010,000, na hapa naomba msome polepole kwa sababu hili si la fedha peke yake.

Ekseli ya nyuma, 380,000. Asesa ameandika "haihusiani na ajali". IST ina ekseli ya nyuma ya kipande kimoja. Haina bolti za kurekebishia tairi kama mbele. Ikipinda imepinda, na dawa yake ni kubadilisha. Nimepima kutoka katikati ya tairi la mbele hadi la nyuma, pande zote mbili: kushoto ni pungufu ya kulia kwa milimita 13. Gari halikutoka Japani hivyo. Mkilirudisha barabarani na ekseli hiyo, tairi za nyuma zitalika upande wa ndani ndani ya miezi michache, na siku ya mvua breki ikikanyagwa ghafla mkia utataka kupita mbele. Alaimenti ya mbele haiponyi ugonjwa huo hata ikifanywa mara kumi.

Kunyoosha chesisi ya nyuma kwa mashine ya kuvutia, 400,000. Nimepima mdomo wa buti kwa mshazari, kona hadi kona: mshazari mmoja umezidi mwingine kwa milimita 18. Mlango mliokubali kuulipia hautafunga kwenye mdomo uliokwenda upande. Fundi wa njaa ataugonga nyundo hadi kitasa kishike, mteja ataondoka amefurahi, na mvua ya kwanza itajaza maji kwenye shimo la tairi la akiba.

Silensa ya nyuma, 110,000. Imepasuka kwenye mshono wa juu, chini kabisa ya sakafu ya buti, na sakafu hiyo imeachia mahali pawili. Moshi unapanda ndani ya gari. Niliwasha injini dakika tano milango ikiwa imefungwa, harufu ikafika kiti cha nyuma. Moshi huo una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu yake yenyewe; mtu hulegea, husinzia, na anaweza asiamke. Hicho ndicho asesa wenu alichokiandikia "kutu ya kawaida".

Na chuma cha ndani ya bampa, 120,000. Bampa la IST ni plastiki. Chuma kilicho nyuma yake ndicho kinachopokea kishindo na kukigawa pande mbili za chesisi. Mmelipia plastiki mkaacha chuma. Akigongwa tena, hata na bajaji, paneli mliyoilipia itaingia ndani siku hiyohiyo.

Asesa hakuyaona haya kwa sababu hakulala chini ya gari. Alikuja saa sita mchana, akapiga picha sita, zote amesimama, akauliza kilomita, akaondoka. Jeki ilikuwepo na lifti ilikuwepo. Nilimwambia tupandishe gari, akasema ana magari mengine matano ya kupitia. Dakika kumi hazikufika. Ukaguzi wa gari lililogongwa nyuma huanza chini: ekseli, chesisi, silensa, tangi la mafuta na mipira yake. Rangi na bampa ni vya mwisho kutazamwa, maana havijifichi.

Kuhusu siku. Faili lilifika kwenu siku ya 11 baada ya ajali, na leo ni siku ya 63. Mnazijua siku 45 ambazo TIRA imewawekea baada ya nyaraka kukamilika, na ninaona ndiyo maana kwenu nyaraka hazikamiliki. Wiki ya tano mliomba nakala ya leseni ya dereva wa Fuso. Huyo ni dereva wa mteja wenu! Kabla ya hapo, wiki ya tatu, mlitaka nakala ya hukumu ya mahakama, wakati dereva alilipa faini polisi na hakuna kesi iliyofunguliwa. Stakabadhi ya faini ilikuwa ndani ya faili tangu siku ya kwanza. Wiki ya sita ikawa kadi ya gari igongwe muhuri wa mwanasheria. Na katikati ya yote hayo mama aliambiwa mara mbili kwamba mwenye Fuso hajajaza fomu ya madai, kana kwamba ni kazi ya mama kumsaka mteja wenu Barabara ya Mandela nzima. Mngeomba nyaraka zote siku moja, kwa karatasi moja, zingeletwa siku moja. Mmeziomba moja moja, na kila moja imekula wiki.

Katika siku zote hizo mama anapeleka chakula viwandani Vingunguti kwa bajaji ya kukodi, shilingi 25,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Wiki tisa ni shilingi 1,350,000. Stakabadhi za dereva wa bajaji zipo, zimesainiwa kila siku.

Sasa narudi kwenye dirisha.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nyuma yake, nimeshika makadirio. Ofisa wenu hakunijua. Mama alisimama foleni tangu saa 3 asubuhi, akaitwa saa 6 na nusu. Ofisa alitoa hati kwenye droo, akaikunja sehemu ya juu, kisha akaikunja tena, ikabaki mistari ya saini tu, akaweka kiganja juu ya kunjo na kumpa kalamu kwa mkono mwingine. "Saini hapa na hapa, mama, hela inaingia kwenye simu." Mama akasema, kwa adabu, "Baba, naomba nisome kwanza." Mama ana miaka 58, huyo kijana angeweza kuwa mwanawe, na bado alimwita baba. Jibu ndilo lile nililoliandika juu: magari huyajui, mlete mwanaume. Watu kwenye foleni walisikia. Mmoja alicheka. Mama akainamisha kichwa, na nikaona mkono wake unaelekea kwenye karatasi.

Nilisimama nikaomba hati ikunjuliwe. Ofisa akasema ninyi mafundi ndio mnaowajaza watu maneno. Ilipokunjuliwa, juu kulikuwa na 1,562,000, na chini yake maneno "malipo kamili na ya mwisho". Mnajua uzito wa maneno hayo kuliko mimi. Angesaini, asingekuwa na dai tena kwenu, wala kwa mwenye Fuso, wala kwa dereva, na gari lingebaki na ekseli iliyopinda na moshi kwenye kiti cha nyuma. Hati yenye uzito huo ilikunjwa mara mbili mbele ya mtu inayemhusu. Huyo hakuwa amechoka wala hakuwa na haraka. Mkono wake ulijua cha kufanya, kama mkono uliokwisha kufanya hivyo kwa wengi.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuomba kitu kimoja, tathmini irudiwe gari likiwa juu ya lifti. Baada ya kuyaandika haya ninaona haitoshi. Tunadai makadirio yote, shilingi 4,035,600, yalipwe kwa profoma bila eksesi na bila uchakavu. Tunadai gharama za usafiri 1,350,000, na 25,000 kwa kila siku ya kazi itakayoongezeka hadi gari litoke gereji. Tunadai mama aombwe radhi kwa barua yenye saini yako wewe Meneja, si ya ofisa wa dirishani, na barua hiyo itaje kilichosemwa. Na kuanzia sasa, hati yoyote ya dischaji kwa dai hili iletwe ikiwa imefunguka, ikiambatana na mchanganuo wa kila kilichokatwa na sababu yake.

Nilitaka kuandika siku 14. Nimeandika 7, kuanzia siku muhuri wenu wa mapokezi utakapogongwa kwenye nakala yangu. Siku ya 8 malalamiko haya yanakwenda TIRA pamoja na picha za vipimo, ripoti ya asesa na nakala ya ile hati, ambayo mikunjo yake inaonekana vizuri. Kutoka hapo yatakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mwenye Fuso na dereva wake watapata barua ya wakili wiki hiyohiyo, na mteja wenu atajua kwa nini anashtakiwa wakati stika yake ni hai na ada alishalipa. Watu wawili waliokuwa kwenye foleni ile wamekubali kutoa ushahidi.

Kama mnataka kuhakikisha vipimo vyangu, gari litakuwa juu ya lifti Jumatatu saa 3 asubuhi, tairi za nyuma zimevuliwa. Asesa aje na futi yake mwenyewe na ovaroli. Awe mwingine, si yule wa kwanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi mwenye gereji, kwa niaba ya mwenye gari

Viambatanisho: idhini ya mwenye gari, makadirio na profoma, picha za vipimo, stakabadhi za bajaji, stakabadhi ya faini, nakala ya hati ya dischaji ambayo haikusainiwa.