Risala ya Klabu ya Fasihi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Usomaji, Dodoma

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mkuu wa shule,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Mbukwenyi!

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kukaa nasi chini ya turubai hili. Kazi ya klabu yetu ni ndogo kuieleza: kila Alhamisi jioni tunasoma riwaya kwa sauti, halafu tunabishana mpaka kengele ya chakula.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwaka huu tumesoma Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1979. Tuna nakala moja. Jalada lake limeshikwa na gundi, na kurasa za mwisho zilishanyofoka, kwa hiyo mwenzetu mmoja alizinakili kwa mkono kwenye daftari la hesabu. Riwaya hiyo inasimulia wanakijiji wanaohamishwa kwa nguvu kupelekwa kijiji cha ujamaa. Likizo ya Juni mwenzetu huyo alimsomea bibi yake sura moja huko Bahi. Bibi akamkatiza: "Huyo aliyeandika alikuwepo hapa?" Bibi naye alihamishwa, wakati wa Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Anakumbuka mama yake akiondoka na kinu kichwani, na tembe yao ikibaki imeng'olewa mlango.

Kezilahabi alizaliwa Ukerewe. Kikerewe na Kigogo havisikilizani, lakini kwa Kiswahili mwandishi wa kisiwani alimfikia bibi wa Bahi. Darasani tunajifunza utaifa kwa bendera, wimbo na tarehe 9 Desemba 1961, na tunaviheshimu vyote. Siku ile bibi alipouliza swali lake, tuliona Utanzania tusiokuwa tumeuona ubaoni: watu wasiojuana kugundua kuwa yaliwakuta yale yale.

Tumejifunza pia kwamba mwandishi anayeipenda nchi huihoji. Shaaban Robert, katika Kusadikika ya mwaka 1951, wakati Mwingereza bado anatawala, alimsimamisha mhusika wake Karama mahakamani kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Uhuru ulipokuja maswali hayakuisha. Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda kwa sababu ilisema wazi yanayowapata wasichana. Sisi wasichana wa klabu hii tunasema kitabu kile kilikuwa upande wetu.

Wenzetu wa nchi nyingine walilazimika kupambana na suala la lugha. Chinua Achebe aliandika kwa Kiingereza habari za Waigbo. Sisi riwaya yake tunaisoma kwa Kiswahili, kwa jina la Shujaa Okonkwo. Hata Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, mshindi wa Nobel mwaka 2021, naye huandika kwa Kiingereza, na riwaya yake ilitufikia kwa Kiswahili mwaka 2022, kwa jina la Peponi. Tulifurahi kama tumepokea mgeni aliyechelewa njiani.

Mheshimiwa mgeni rasmi, lipo jambo linalotuuma. Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo, aliandika historia na mila za Wagogo kwa Kiswahili tangu mwaka 1954. Lakini katika riwaya zote tulizosoma hatujakutana na njaa ya Ugogo, mashamba ya zabibu, wala mji huu unaokua kila siku tangu ulipochaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973. Tunaishi katikati ya nchi na katika riwaya zake hatumo.

Kwa hiyo tunaleta maombi mawili. Kwanza, nakala kumi kumi za riwaya tulizozitaja, ili tuache kupokezana kurasa. Pili, kinasa sauti kimoja na madaftari, tukakae na wazee wetu Bahi, Kongwa, Mpwapwa na Chamwino kabla hawajaondoka na simulizi zao. Wawili kati yetu wameshaanza kuandika. Sura ya kwanza ya mmoja wao inaanza na kile kinu.

Tunaomba kuwasilisha.